Nimemaliza anime ya One Piece, lakini manga yake inanishinda. Nianzie wapi?

*"Shikamoo kaka. Nimeangalia anime ya One Piece, ile katuni ya Kijapani ya Luffy na maharamia wenzake, kuanzia episodi ya 1 mpaka kisa cha Wano kilipoisha, episodi ya 1085. Imenichukua karibu miaka miwili. Nikashindwa kusubiri, nikahamia kwenye manga, yaani hadithi yenyewe ya picha za kusoma, nikaanza sura ya 1058 kwenye simu. Kaka, nimechanganyikiwa. Picha zimebanana, sijui nani anaongea, rangi hakuna, sauti ya Luffy siisikii. Sura nzima naimaliza kwa dakika tatu, na ukiniuliza kimetokea nini sina jibu. Nikisoma sana usiku kichwa kinauma. Rafiki yangu mmoja anasema nirudi sura ya 1. Mwingine anasema huko ni kupoteza muda, manga ni ileile anime bila rangi, na mimi kila kitu nimeshakijua. Nifuate ushauri wa nani? Au nikubali tu kwamba mimi si mtu wa kusoma?"*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nikae niandike kwa kirefu, kwa hiyo nalijibu kwanza: hapana, usikubali. Mtu aliyefuatilia hadithi moja kwa episodi 1085 bila kukata tamaa ana subira kuliko wasomaji wengi ninaowajua. Shida yako ni ya macho kutozoea, na macho hufundishika.

Kazi yangu ni kuchora hadithi za picha, na Jumamosi nawafundisha vijana wachache. Zoezi langu la kwanza ni kumpa kijana ukurasa mmoja wa manga, nimwache autazame mpaka atosheke, kisha nauchukua na kumwambia anisimulie. Waliokuja kwangu kutoka kwenye anime karibu wote huurudisha ukurasa kabla sijaketi vizuri, na wakianza kusimulia wanasimulia maneno yaliyosemwa tu. Nani alikuwa amesimama wapi, nani alimtazama nani, mkono wa nani ulikuwa umefumba ngumi, hayo hawakuyaona. Wana akili timamu kabisa. Ni kwamba wamezoea kazi hiyo kufanywa na mtu mwingine.

Ukiangalia anime, muda umeshikwa na mwongozaji. Yeye ndiye anayeamua uso wa Robin, mwenzake Luffy, ubaki mbele yako sekunde nne, ndiye anayekuletea muziki ukujulishe kwamba hapa ni pa kulia, ndiye anayekupa sauti ya Mayumi Tanaka, ambaye amekuwa Luffy tangu anime ianze Oktoba 1999. Kwenye manga muda umeachwa mkononi mwako. Fremu kubwa kuliko nyingine inakuomba usimame. Fremu tatu nyembamba zilizopangwa pamoja zinakuomba ukimbie. Fremu isiyo na neno hata moja ndiyo inayoomba muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ambayo mtu mwenye haraka anairuka, kwa sababu hakuna cha "kusoma". Ukipita juu ya ukurasa kwa kusoma maputo ya maneno peke yake, umekula ugali ukaacha mboga.

Halafu kuna njia ya jicho. Manga inasomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini. Sisi tuliokulia na magazeti ya katuni kama Sani jicho letu limezoea kushoto kwenda kulia, na hata ukishajua kanuni, jicho huchukua muda kutii. Matokeo yake unasoma jibu kabla ya swali, ndiyo maana hujui nani anaongea. Fuata mkia wa puto, unaelekea mdomoni kwa mwenye maneno. Puto lenye miiba ni kelele. Na yale maandishi makubwa ya Kijapani yaliyochorwa ndani ya picha ni sauti. Utaliona sana "DON!" kwa sababu Eiichiro Oda, mwandishi na mchoraji wa One Piece, analipenda mno. Ni kama ngoma kubwa ikipigwa mara moja, mtu anapotokea au anapotamka neno zito. Anime huweka muziki mahali hapo. Ukiliona, jua mwandishi anakwambia: simama hapa.

Jambo jingine, umeingilia mlango mgumu. Sura ya 1058 si sura ya kujifunzia kusoma manga. Inakuja baada ya vita virefu, na kazi yake ni kutoa habari: zawadi mpya za vichwa vya kina Luffy, haramia Buggy na kundi lake la Cross Guild, nani amepanda na nani ameshuka. Maneno ni mengi kuliko matendo. Zaidi ya hapo, kurasa za Oda za miaka hii zimejaa. Hadithi imebeba mamia ya wahusika, na yeye anapewa kurasa 17 hivi kwa wiki, basi anazibana. Hata sisi wa siku nyingi tunasoma sura hizi mara mbili. Wewe umeanza kuogelea pale maji yanapokuwa shingoni, halafu ukajilaumu kwa kumeza maji.

Sasa rafiki yako anayesema manga ni anime bila rangi. Amegeuza mambo. Manga ndiyo iliyotangulia. Ilianza katika jarida la Weekly Shonen Jump la Shueisha Julai 1997, na Toei Animation ilianza kutengeneza anime miaka miwili baadaye. Ile nyeusi na nyeupe si kazi iliyokosa kumaliziwa, kwa sababu Oda huchora akijua itachapwa hivyo, na uzito wa wino ndio rangi yake. Tazama jinsi anavyouacha uso wa mtu uwe mweupe mtupu anapopata mshtuko, au anavyoyajaza kivuli macho ya mtu asiyetaka tujue anawaza nini.

Na tofauti kubwa zaidi ni mwendo. Hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu ndilo linaloamua uanzie wapi. Anime ya One Piece ilitoka kila wiki kwa miaka mingi, na manga nayo hutoka kila wiki, tena Oda hupumzika mara kwa mara. Hapo mwanzo anime ilikuwa na akiba. Kisa cha Alabasta kina sura 63, na anime ilikimaliza kwa episodi 39. Lakini anayefuata nyuma akitembea haraka atamkanyaga visigino aliye mbele. Dawa ya zamani ilikuwa kutunga visa vya kujazia, na vingine ni vizuri kweli. Kile cha ngome ya wanamaji ya G-8, episodi ya 196 hadi 206, mimi nakipenda mpaka leo ingawa Oda hakukichora. Baadaye Toei ilichagua dawa nyingine, kuvuta kila sura iwe ndefu. Kisa cha Dressrosa kina sura 102, lakini kwenye anime kilichukua episodi 118. Ukitoa wimbo wa mwanzo na marudio ya wiki iliyopita, kurasa 17 zinatandazwa kwenye dakika chache zinazobaki. Ndiyo zile nyuso zinazoshangaa mmoja baada ya mwingine, ngumi inayosafiri mpaka chai inapoa, na kumbukumbu ileile inayorudishwa kwa mara ya tano. Haukuwa uvivu wa wachoraji. Walikuwa wanasubiri mwenzao aliye mbele asogee. Mwaka 2024, mwezi Oktoba, walisimamisha kabisa episodi mpya, wakarudi Aprili 2025.

Kwa hiyo Dressrosa uliyoiangalia na Dressrosa iliyochorwa ni hadithi moja yenye mapigo mawili tofauti ya moyo. Wengi wanaosema kisa kile kiliwachosha huniambia baada ya kusoma manga kwamba hawakujua kina kasi namna ile.

Lakini sitakwambia anime ni duni, kwa sababu si kweli. Wimbo wa Brook, mwanamuziki wa kundi la Luffy, uitwao Binks no Sake, kwenye manga ni maneno tu kwenye karatasi. Kwenye anime unausikia, unaona waimbaji wanapungua mmoja mmoja mpaka anabaki peke yake, na mimi sijawahi kumaliza episodi ile macho yakiwa makavu. Episodi ya 1071, Luffy anapofikia ile hali yake ya nguvu iitwayo Gear 5, wachoraji wa Toei walifanya jambo ambalo karatasi haina uwezo nalo. Hukupoteza kitu kwa kuanza na anime. Tena umepata faida moja ambayo mimi sikuwa nayo: ukisoma, sauti zao tayari unazo kichwani. Unasema huisikii sauti ya Luffy. Itakuja. Utakapopunguza mwendo, itarudi yenyewe.

Na si kweli kwamba umeshakijua kila kitu. Kila sura ya manga ina ukurasa wa mwanzo wenye picha, na Oda huutumia ukurasa huo mara nyingi kusimulia hadithi ndogo, picha moja kwa sura moja, kuhusu watu ambao kina Luffy wamewaacha nyuma. Ya kwanza ilimhusu Buggy baada ya kurushwa hewani. Anime ilionyesha hiyo na ya Koby, halafu nyingi zilizofuata ikazipita. Enel alikwenda wapi baada ya kushindwa Skypiea? Alikwenda mwezini, na alichokikuta huko kimechorwa kwenye kurasa hizo. Majasusi wa CP9 waliishije baada ya kushindwa Enies Lobby? Kimo humo. Wapol aliyefukuzwa kwenye ufalme wake alirudije kuwa mfalme tena? Kimo humo. Hizi si pambo. Oda huzichukulia kuwa ni sehemu ya hadithi, na watu wake hurudi miaka mingi baadaye kana kwamba ulikuwa unawafuatilia.

Juzuu nazo zina kona ya maswali ya wasomaji iitwayo SBS, iliyoanza juzuu ya 4, ambamo Oda anajibu barua, nyingine za maana na nyingine za utani mtupu. Katika juzuu ya 56 msomaji alimuuliza kila mmoja wa kundi la Luffy angetoka nchi gani katika dunia yetu. Oda akajibu kwamba Luffy ni wa Brazili, Zoro Japani, Sanji Ufaransa. Usopp akamtaja kuwa ni wa Afrika. Nakumbuka nilivyomwonyesha mwanafunzi wangu mmoja jibu lile. Alilisoma mara tatu, kisha akaomba karatasi amchore Usopp.

Basi uanzie wapi? Ziko njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Kuendelea na 1058 kutakupa hadithi mpya mara moja na utaweza kuongea na wenzako kila wiki, lakini kwa hali ya macho yako ya sasa utakimaliza kisa kizima cha Egghead, kinachoanzia hapo, kwa dakika tatu tatu, na kisa kile hakistahili kusomwa hivyo. Njia ya pili ni kuanza sura ya 598, pale kina Luffy wanaporudi kwenye visiwa vya Sabaody baada ya kutengana miaka miwili. Inamfaa mwenye haraka, kwa sababu nusu hiyo ya pili ndiyo anime iliivuta zaidi. Ya tatu ni sura ya 1. Hiyo ndiyo ninayoipendelea, na hesabu yake haitishi kama unavyodhani. Episodi 1085 za dakika 24 ni saa 434. Sura 1057, ukizisoma kwa dakika nane kila moja, ni saa 141 hivi. Sura tano kwa siku, miezi saba umefika ulipoishia.

Ila wewe usianze na sura ya 1 kesho. Anza na sura ya 69 hadi 95, kisa cha Arlong Park. Ni sura 27 tu. Wahusika ni wachache, fremu ni kubwa, na hadithi unaijua mpaka mwisho, kwa hiyo akili haitahangaika na "nini kitatokea" bali itabaki huru kutazama kimechorwaje. Usizidishe sura mbili kwa siku. Kila sura isome mara mbili: mara ya kwanza fuata maneno, mara ya pili usisome neno lolote, tazama picha tu, fremu kwa fremu, kulia kwenda kushoto.

Ukifika sura ya 81, simama. Yule binti wa kundi la Luffy aitwaye Nami amekaa chini, ameshika kisu, anaichoma tatuu ya haramia Arlong iliyo mkononi mwake huku akilitaja jina la Arlong. Luffy anamshika mkono. Mwanzo binti anamfukuza Luffy, anamwambia aondoke kisiwani. Halafu anageuka, machozi yamemjaa, anamwita kwa jina na kumwomba amsaidie. Luffy hahutubii. Anavua ile kofia ya majani ambayo haruhusu mtu aiguse, anamvika, anasogea mbele hatua kadhaa, kisha ndipo anapaza sauti kwa neno moja la Kijapani ambalo kwa Kiswahili ningelitafsiri: "Hilo halina swali!" Kwenye anime muziki ulikusaidia kulia. Kwenye ukurasa hakuna wa kukusaidia. Utaamua mwenyewe kofia ile ichukue muda gani kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Ukiona umekaa kwenye fremu ile bila kujua umekaa muda gani, macho yameshafunguka. Hapo rudi sura ya 1.

Kuhusu mahali pa kusomea, ipo programu ya Manga Plus ya Shueisha wenyewe, ilifunguliwa kwa dunia Januari 2019 na inafanya kazi huku kwetu. Sura za mwanzo na tatu za karibuni husomwa bure, na sura mpya huingia Jumapili saa 12 jioni kwa saa za Afrika Mashariki, kwa sababu Japani ni usiku wa manane kuamkia Jumatatu. Kwa Kiswahili bado haipo. Kiingereza na Kifaransa zipo, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanaosoma Kifaransa wana pia juzuu za Glénat. Kwa Kiingereza wachapishaji ni Viz, na usishtuke ukikuta Zoro anaandikwa "Zolo", ni yuleyule. Wana pia matoleo ya juzuu tatu ndani ya kitabu kimoja, ambayo ni nafuu kuliko kununua mojamoja. Zile nakala za kuiba zinazozunguka mitandaoni nakushauri uziache. Mbali na kumnyima mchoraji haki yake, tafsiri zake hubadilika kila mtafsiri anapobadilika, na kwa mtu anayejifunza kufuata mazungumzo hilo ni balaa. Simu yenyewe igeuze ilale unapofika kwenye picha iliyotanda kurasa mbili, la sivyo utaona nusu tu na kudhani mchoraji amekosea.

Limebaki la kichwa, na hili sitaki ulipuuze. Anza na rahisi: usisome gizani, ongeza mwanga wa chumba na upunguze wa skrini, shika simu mbali kidogo, pumzika kila unapomaliza sura, na acha kusoma saa moja kabla ya kulala. Ukifanya hivyo wiki mbili na kichwa bado kinauma, au maandishi yanacheza, au unalazimika kukunja macho, nenda kwa daktari wa macho akupime ana kwa ana. Mimi siwezi kukupima kwa maandishi, wala rafiki zako hawawezi. Huenda ni miwani tu. Oda mwenyewe alisimamisha kazi mwezi mzima mwaka 2023, Juni hadi Julai, akafanyiwa upasuaji wa macho kwa tatizo la kutoona sawasawa, na aliporudi hadithi ilikuwa inamsubiri. Na kama ugumu wa kusoma si wa manga peke yake, kama tangu shuleni herufi zinakuruka au mstari unaupoteza hata kwenye gazeti, mweleze daktari na hilo pia. Lina wataalamu wake, na si aibu.

Jambo jingine, tafuta mtu wa kukaa naye. Mtu mmoja anayesoma, mkae benchi moja na nakala moja, yeye asome maneno ya huyu na wewe ya yule. Nimewaona vijana wangu wakijifunza kwa mchana mmoja jambo ambalo nililieleza kwa wiki tatu.

Na kuanzia sura ya 182, kwenye zile kurasa za mwanzo za sura, Oda anamfuata Hachi, yule pweza mwenye mikono sita wa Arlong Park, akitembea chini ya bahari. Picha moja moja, wengi huzipita kwa kidole. Ukifika sura ya 195, usipite. Tazama ukurasa ule wa mwanzo taratibu. Kuna binti hapo ambaye wewe ulimwona kwa mara ya kwanza kwenye episodi ya 385.